Mwongozo kwa Mheshimiwa Anayekwenda Puri

Mheshimiwa, unataka kuhudhuria Ratha Yatra, sikukuu ya magari ya miungu katika mji wa Puri, jimbo la Odisha, India. Safari njema, ila zingatia haya.

1. Usimsumbue mgonjwa. Wiki mbili hivi kabla ya sikukuu, mungu Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra huogeshwa hadharani kwa mitungi 108 ya maji, kisha hushikwa na homa. Hufungiwa ndani wakipewa dawa za miti shamba, na waumini hawaruhusiwi kuwaona. Hapo kutaja cheo chako hakusaidii.

2. Usitafute mlango wa nyuma. Hekalu hili la karne ya 12 huingiwa na Wahindu tu. Lakini siku ya Ratha Yatra miungu yenyewe hutoka, kila mmoja na gari lake la mbao: la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Aliyezuiwa mlangoni hufuatwa barabarani.

3. Mwavuli jibebee. Kabla ya msafara kuondoka, Gajapati, mfalme wa jadi wa Puri asiye na utawala, hupanda magarini na kuyafagia kwa ufagio wa dhahabu. Mfalme akifagia, wewe unangoja nani akuhudumie? Shika kamba, uvute bega kwa bega na muuza chai, karibu kilomita 3 hadi hekalu la Gundicha. Gari likilala njiani, rudi kesho uvute tena.

4. Keti chini ule. Chakula kitakatifu, mahaprasad, hupikwa hekaluni kwa kuni katika vyungu vya udongo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Walaji hawaulizani tabaka. Ikiwa wewe si Mhindu, mwombe mwenyeji akutolee chako nje.

5. Usirudi nyumbani mikono mitupu. Jagannath huondoka na ndugu zake, akimwacha mkewe Lakshmi. Siku ya tano Lakshmi humfuata, na mtumishi wake huvunja kipande cha gari la mume. Jagannath anaporudi hukuta mlango umefungwa, mpaka ambembeleze mkewe kwa rasagola, tamtam ya maziwa iliyolowa shira.

Ibada inayomwonyesha mungu akiugua, mfalme akifagia na mume akiomba radhi imewafundisha watu unyenyekevu kwa karne nyingi. Nenda ukajifunze, Mheshimiwa, na cheo chako ukiache uwanja wa ndege.