Marumaru ya Haraka
Hapa Kibakwe, fundi akipiga sakafu leo, mwenye nyumba anaulizia marumaru kesho. Vitunguu vimelipa, wageni wako njiani. Sakafu ya saruji inataka kumwagiliwa maji walau siku 7, kisha iachwe ikauke taratibu. Saruji yenyewe hupimwa nguvu ikitimiza siku 28. Nani ana subira hiyo? Pima maji imelala mfukoni, vumbi la Dodoma halijafagiliwa, gundi inapakwa juu yake. Siku ya sherehe marumaru yanameta, sikatai. Baada ya miezi mitatu, ukiyagonga kwa funguo yanalia ko-ko-ko kama mtungi mtupu.

“Haya marumaru ni feki,” bosi analalamika.

“Feki kabisa, bosi,” fundi anaitikia, akihesabu nauli ya kurudi.