Benchi Kwanza, Ndege Baadaye: Mambo Tisa, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Tuelewane mapema, mwenzangu. Sanduku jipya la ndege ya plastiki halimfanyi mtu kuwa fundi bora wa modeli. Benchi ndilo linalomfanya. Kila mwenye mapenzi haya ana rundo la masanduku ambayo hajayafungua, na wengi wanaunda kwenye meza ya chakula, chini ya taa moja ya darini, kivuli cha kichwa kikiangukia kazi. Hela ya modeli ya tano ya kifaru cha vita iweke kando kidogo. Tuhesabu kurudi nyuma, vitu rahisi vikitangulia. Mpangilio unaweza kunibishia, ila namba moja sitaisogeza.

9. Kigae cha sakafu

Mkeka wa kijani wa kukatia unao, na ni mzuri, lakini ni laini. Kigae ni kigumu na kimenyooka. Bandika karatasi ya msasa juu yake, sugua nusu mbili za bawa la ndege mpaka kingo zikutane bila mwanya. Upande wa pili changanyia rangi; ikikauka, ikwangue kwa wembe, kigae kirudi kuwa kipya. Penye nyumba inayojengwa pana vipande vilivyobaki. Mwamkie fundi vizuri, hatakunyima.

8. Kisu cha hospitali na kopo lake

Kwenye maduka ya vifaa vya hospitali ulizia mpini wa upasuaji namba 3 na nyembe namba 11, zile zenye ncha kali. Badilisha wembe mapema. Wembe butu unataka kusukumwa, na kinachosukumwa huteleza, na kikiteleza hakiulizi kidole ni cha nani. Zilizotumika zitumbukize kwenye kopo lenye tundu jembamba kifunikoni. Zisiende kwenye ndoo ya taka: kuna mtu ataishika ndoo hiyo, na mikono yake ina thamani sawa na yako.

7. Nyumba ya chupa

Chupa ya gundi nyepesi ya plastiki ina tabia moja: husubiri uwe umemaliza kazi ngumu ndipo ianguke. Gundi hiyo haigandi tu juu. Inayeyusha plastiki yenyewe ili sehemu mbili ziwe kitu kimoja, kwa hiyo ikimwagika juu ya bawa ulilokwisha kusugua, bawa limekwenda. Tiba ni kipande cha mbao nzito chenye shimo la kipenyo cha chupa. Seremala anakitoboa kwa dakika moja. Mwambie akuongezee mashimo ya vibano na brashi, maana yuko pale pale.

6. Vijiti vya mishikaki

Kijiti kimoja, kibanio kidogo cha chuma nchani, vyote vichomekwe kwenye kipande cha sponji ngumu. Sasa unapaka rangi bila kuishika sehemu, na inakauka bila alama ya dole gumba. Mishikaki yenyewe ni ya baadaye.

5. Kitanda cha jahazi

Hapa naongea na wanaounda vyombo vya baharini. Modeli ya jahazi haina tako bapa. Ukiiweka mezani inalala ubavu, na mkono mmoja unabaki kazi yake ni kuizuia. Tengeneza kitanda: vipande viwili vya plaiwudi vilivyochongwa kufuata umbo la tumbo la chombo, vilivyovikwa kitambaa laini, na ubao wa kuviunganisha. Mikono yote miwili iko huru, mkuku umenyooka, na unaweza kupima kama mlingoti umesimama sawa.

Nasisitiza hili kwa sababu modeli ni ushahidi. Mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulitoweka baharini karne ya 20 ikiwa bado changa. Mengi tunayoyajua leo kuhusu umbo lake na mshono wake yametokana na picha za zamani na modeli zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Mtu fulani alikaa mahali akashona kamba nyembamba kwa subira, na mikono yake haikutetemeka. Ukiunda dau, ngalawa au jahazi kwa vipimo vya kweli, unafanya kazi hiyo hiyo. Kwa nini usiipe kitanda?

4. Maji yaliyomo hewani

Wanaokaa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, sogeeni karibu. Vitabu vingi vya modeli vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, wala havijui jasho letu. Hewa ya pwani ina maji, na maji hayo yanaingia katika kila kitu benchini.

Anza na gundi ya papo hapo. Dawa iliyomo, sayanoakrileti, iligunduliwa mwaka 1942 na Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak, alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki. Aliiacha kwanza kwa kuwa ilinata kila mahali. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Kinachoigandisha ni unyevu. Ndiyo maana chupa iliyoachwa wazi huku kwetu hugeuka jiwe. Ifunge kwenye mkebe pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Mvuke wake nao huacha ukungu mweupe, na polisi huutumia huo huo kuibua alama za vidole. Basi usiitumie kwenye kioo cha rubani, kisije kikageuka faili la uchunguzi! Hapo tumia gundi nyeupe ya mbao, inayokauka ikawa angavu. Na usifute gundi ya papo hapo kwa pamba: zikikutana kwa wingi hutoa joto la kuunguza.

Kisha kompresa ya kupulizia rangi. Hewa ikibanwa na kupoa, maji hujitenga na kutoka na rangi kama matone. Weka kichujio cha maji karibu na mkono wako, mwisho wa mpira, mahali hewa ilipokwisha kupoa, na umwage maji ya tangi kila unapomaliza. Rangi za laka siku ya mvua za masika hupauka, kwa sababu kiyeyushi kinapokauka hupoza uso wa modeli na unyevu wa hewa ukageuka matone juu yake. Siku hiyo baki kwenye kusugua na kukata. Rangi itasubiri.

3. Mapafu

Hapa utani naupunguza. Barakoa ya N95 inazuia vumbi, haizuii mvuke wa rangi na tina. Kwa mvuke unahitaji ile yenye vichujio vya mkaa. Benchi lisogee dirishani, na feni isukume hewa kwenda nje, isikupulizie usoni. Kama unatengeneza kisanduku cha kupulizia rangi, mota ya feni isikae ndani ya njia ya mvuke, kwani cheche moja inatosha. Sehemu za resini zisugue zikiwa zimeloweshwa, vumbi lake libaki majini. Ukiwa na watoto ndani, rangi ipulizwe wakiwa chumba kingine. Hakuna ndege ya Spitfire yenye thamani ya kifua cha mtoto.

2. Kimo, na kanga

Meza ya chakula ina kimo cha sentimita 75 hivi, na ilipimwa kwa ajili ya sahani. Mafundi wa vito wa Ulaya, ambao kazi yao ni ndogo kama yetu, hukaa kwenye mabenchi ya sentimita 90 hadi 100. Kazi inafika karibu na kifua, viwiko vinaegemea, shingo haikunjwi. Usinunue benchi jipya. Weka juu ya meza kisanduku imara cha sentimita 15 au 20, ufanyie kazi hapo. Mgongo utakushukuru, na mgongo si mwepesi wa kushukuru.

Mafundi hao wana siri nyingine. Benchi lao limekatwa nusu duara mbele, na chini yake wametundika ngozi ya kudaka vumbi la dhahabu. Sisi tunadondosha gurudumu la milimita tatu, na sakafu ikishalipokea hairudishi. Chukua kanga, ipigilie pini chini ya ukingo wa meza, pindo la pili liwe mapajani. Kila kinachoanguka kinalala humo. Jina la kanga chagua mwenyewe, ila liwe la subira.

1. Mwanga

Mtu wa sentimita 175, katika skeli ya 1/35, ana milimita 50. Katika 1/72 anabaki na 24, na uso wake wote ni kama milimita tatu. Katika 1/700, skeli ya meli za kivita, ana milimita mbili na nusu kutoka kisigino hadi utosini. Unataka kumpaka huyo rangi kwa taa ya darini? Na ukifika miaka 60, jicho linahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko lilivyohitaji ukiwa na 20.

Nunua taa mbili za mezani za LED, kubwa na ndogo, zenye mikono ya kukunja. Kwenye kasha tafuta namba mbili: rangi ya mwanga kati ya 5000K na 6500K, na CRI, kipimo cha uhalisia wa rangi, ya 90 au zaidi. Chini ya taa ya njano, kijivu cha ndege na kijani chake hukudanganya, na asubuhi utakuta umepaka kitu kingine kabisa. Kama unatumia mkono wa kulia, taa kubwa ikae kushoto, kivuli cha mkono kisiifuate brashi. Ndogo ikae kulia kulainisha giza. Miwani ya kukuza mara 1.75 inakuachia kama sentimita 35 za kufanyia kazi. Ya mara 2.5 inakubana hadi 20. Anza na ile ya 1.75. Umeme ukikatika, taa inayochajiwa itakufikisha mwisho wa hatua uliyoanza.

Kabla hujapaka rangi, zima taa moja. Ile iliyobaki ishushe mpaka mwanga uparaze kiwiliwili cha ndege kwa ubavu, uizungushe modeli polepole. Mshono ambao taa mbili ziliuficha utajitokeza kama mstari mweusi. Utie alama ya penseli, chukua msasa namba 600, endelea.