Ekee ya Kilo 15

Mizani ya kituo cha chai cha kwetu, upande wa Nyamira, haijazoea vyombo vya nyumbani. Karani aliitundika ekee ya mke wangu kwenye ndoano, akasoma namba, akaipiga mizani kofi dogo, akasoma tena.

"Nusu kilo, mwalimu. Na hata haijafika."

Akina mama waliokuwa kwenye foleni na majani yao wakaangua kicheko. Mmoja akataka kujua kama nyumbani kwangu siku hizi tunachuma vikapu.

Kwa asiyeijua, ekee ni kikapu cha duara kilichosukwa kikakazwa, ambacho sisi Wagusii hupakulia obokima, yaani ugali wa wimbi, usipoe kabla wageni hawajamaliza salamu. Mke wangu aliiacha ukutani alipokwenda Minnesota kuuguza wazee wa watu. Kule anakoishi, Brooklyn Park karibu na Minneapolis, Wagusii wamejaa kiasi kwamba kumsengenya mtu kwa Ekegusii dukani ni hatari kuliko kumsengenya hapa Keroka. Watu wa nyumbani anao. Alichokosa ni vyombo.

Alinipigia saa tisa za usiku. Kwake ilikuwa saa moja jioni, mtu ametoka kazini, ana nguvu za kuagiza. Alitaka ekee, zile sahani sita za mawe ya Tabaka tulizopewa arusini, sufuria yake kubwa, na unga wa wimbi.

"Lakini Baba Watoto, tafuta njia ya bei nafuu."

Nilikuwa nimeshatafuta, au nilidhani hivyo. Kitu cha nusu kilo kitagharimu nini? Niliingia Kisii mjini asubuhi, nikapanda ngazi hadi ofisi moja ya kusafirisha vifurushi, nikaiweka ekee mezani kwa madaha ya mtu aliyekwisha pima. Binti wa pale hakuigusa mizani. Alileta katoni, akaiingiza ekee ndani, akatoa futi kama fundi cherehani. Sentimita 50 kwa 50 kwa 30. Akabonyeza kikokotoo: zidisha, gawanya kwa 5,000.

"Kilo kumi na tano, mwalimu."

"Binti yangu, hii nimeipima kwenye mizani ya chai."

"Ndege inalipisha nafasi pia. Tunapima uzito, tunapima ukubwa, ule ulio mkubwa ndio unaolipa."

"Kwa hiyo ninatuma hewa?"

"Kilo kumi na nne na nusu za hewa," akasema, bila kutabasamu.

Nikazitoa zile sahani kwenye mfuko, nikiamini kwamba sasa nimemweza, maana kifurushi chake kilikuwa kidogo kama Biblia ya familia. Safari hii futi haikuguswa. Mizani ikasema kilo tisa. Ekee ilitozwa kwa unene, mawe yakatozwa kwa uzito. Sijawahi kuona mahali ambapo mwembamba na mnene wote wana hatia.

Wazo lilinijia nikiwa kwenye matatu ya kurudi: sahani ziingie ndani ya ekee! Ekee imeshalipia kilo 15 za hewa, basi hewa itoke, mawe yaingie, na unga kilo tano juu yake. Jumla haifiki 15. Hesabu hii ni sahihi, na anayetuma kitu kikubwa chepesi asikubali kamwe kisafiri kitupu. Kosa ni kwamba hata bei ya hizo kilo 15 ilikuwa bei ya mbuzi mwenye afya njema pamoja na kamba yake.

Nikageukia meli. Kuna watu Nairobi wanaokusanya mizigo ya wengi kwenye kontena moja, na huko unalipia nafasi. Mawe na manyoya ni ndugu. Itachukua miezi, lakini mawe hayaozi. Nilikwenda kwa seremala wangu wa Keroka akanipigia kreti ya mkaratusi ambayo ungeweza kufungia fahali. Tukaipandisha basi, mimi na kreti, Narok tukala mahindi, Nairobi tukafika mikono imechubuka. Yule bwana wa mizigo aliizunguka mara moja.

"Muhuri uko wapi?"

Kumbe tangu 2002 dunia imekubaliana kwamba mbao za kufungia mizigo zipashwe joto au zifukizwe dawa, zigongwe muhuri wenye suke, wadudu wasihamie nchi za watu. Mkaratusi wangu haukuwa na muhuri. Nadhani mdudu ulikuwa naye, kwa sababu bwana yule alionyesha kitobo na kidole, halafu akaondoa kidole haraka.

Huyo huyo ndiye aliyenifundisha jambo jingine. Vyombo vya nyumbani havitozwi ushuru Marekani iwapo mwenyewe amevitumia huku angalau mwaka mmoja. Nikaitazama sufuria. Ilikuwa na masizi ya miaka kumi na mmoja, ushahidi ambao hakuna afisa wa forodha angethubutu kuupinga. Nilikuwa nimeisugua jana yake kwa majivu na mchanga, kutwa nzima, nisiaibike. Iling'aa kama imetoka dukani.

Nilirudi na kila kitu isipokuwa kreti, ambayo bwana yule aliniomba nisiiache karibu na ofisi yake.

Mkombozi alikuwa nyanya wa boma la jirani, aliyealikwa na binti yake kule kule Minnesota kulea mjukuu mchanga. Tiketi yake ilimruhusu mabegi mawili, kila moja kilo 23, na kijiji kizima kilizijua kilo hizo kuliko yeye. Usiku wa kufunga mabegi tulipanga foleni mlangoni. Wa ndizi mbivu alirudishwa, matunda hayapiti. Wa nyama iliyokaushwa alirudishwa akilalamika. Mimi nilisimamishwa kwa unga: ulikuwa wa poshomili, wa rangi ya udongo, ndani ya karatasi ya nailoni isiyo na jina. Mkwe wa nyanya aliunyanyua kwenye taa, akaniuliza kama ninampenda mama mkwe wake. Nikakimbia dukani kununua wa pakiti yenye maandishi.

Sahani hazikupata nafasi, wala sufuria. Ekee nyanya aliichukua mwenyewe, akaweka sweta na dawa zake ndani, akaifunga kwa leso na kuikumbatia.

"Hii, mwanangu, nitaipakata. Wakisema ni kubwa, nitavaa."

Baada ya siku nne simu ikalia saa tisa za usiku. Mke wangu alikuwa anacheka na kufuta machozi. Akageuza kamera nione ekee ilipo: katikati ya meza, na ndani yake funguo za gari, rimoti mbili, barua za benki na boksi la glavu.

"Na obokima?"

"Baba Watoto, niko zamu mbili. Nakula nimesimama." Kisha, kabla sijapata la kusema: "Zile sahani umezituma?"

Nikatazama mlango wa jikoni, uliozuiwa na sahani mbili usibamizwe na upepo.

"Ziko njiani," nikasema.