Pole, Bosi

Mtaani anaitwa bosi. Ana fremu tatu za maduka Mbagala, basi ni bosi. Alfajiri simu inamwamsha: bosi, choo kimeziba, bosi, paa linavuja. Kodi je? "Biashara ngumu, mzee wangu, nivumilie hadi mwisho wa mwezi." Mwezi upi, hakutaja.

Serikali nayo ina utani wake. Sheria inamtaka mpangaji mfanyabiashara azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Yaani yule yule asiyelipa ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumkata kodi mwenye nyumba! Tena tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU. Mpangaji akinunua umeme wa buku tano, anapiga simu siku hiyo hiyo kudai alichokatwa kipunguzwe kwenye pango. Hesabu hiyo haijawahi kumpiga chenga.

Kuhama ndiko kutamu zaidi. Fremu ikichangamka, mpangaji anamwachia mwenzake kwa kilemba cha mamilioni, taslimu, huku deni la miezi minne likibaki ukutani. Bosi anapata habari kwa fundi anayebandika kibao kipya.