Nyuki wa Kigomasha

Mnara wa taa wa Ras Kigomasha, kule ncha ya kaskazini ya Pemba, ni wa chuma, na aliyeuchora alikuwa na mtu mmoja tu kichwani: mwanamume mwembamba, asiye na mkoba wala watoto, apandaye peke yake jioni kwenda kuwasha taa. Waingereza waliusimamisha mwaka 1900, miaka kumi baada ya kuitia Zanzibar chini ya himaya yao, na shida yao ilikuwa meli. Mkondo wa Pemba una kina kirefu, kisha ghafla miamba. Na karafuu nyingi za Zanzibar zilikuwa, na hadi leo zipo, Pemba. Nahodha ajaye usiku ilikuwa lazima ajue kisiwa kinaanzia wapi. Hayo yote waliyafikiria. Shangazi na hotipoti lake hawakuwafikiria.

Tulikuwa Wete, Pemba, kwa harusi. Bibi harusi keshachukuliwa, biriani limekwisha, na sisi wa Unguja tunasubiri boti ambayo siku yake bado. Nyumba iliyojaa jamaa wasio na kazi ni jambo la hatari. Wakikaa sana huanza kuulizana habari za mirathi. Aliyetuokoa ni Ami. Yeye aliondoka Pemba kijana, akaishi Maskati mpaka mvi zikamjaa, na kila anaporudi hutaka atembezwe kwao upya. Asubuhi ile, kikombe cha kahawa mkononi, akauliza, "Hivi hapa pana kitu cha kihistoria kisichokuwa kaburi?"

Binamu yangu, ambaye anasomesha historia sekondari, akautaja mnara. Shangazi akauliza kama huko kuna pwani ya maana. Akaambiwa zipo mbili, Vumawimbi upande wa mashariki na Verani upande wa magharibi. Basi, akaingia jikoni, na alipotoka alikuwa amekumbatia hotipoti la katlesi na sambusa, lile kubwa la maua mekundu aliloletewa kutoka Dubai, ambalo halijawahi kuazimwa na mtu, hata kwa maziko.

Gari tuliyoikodi ilikuwa ndogo kuliko ukoo wetu, lakini kwetu hilo si hoja. Watoto hawahesabiwi viti, huhesabiwa mapaja. Tukapita Konde, na mbele kidogo jua likatoweka: tumeingia msitu wa Ngezi. Ni kipande kilichobaki cha msitu wa asili, chenye mivule mirefu na mipapindi, na humo huishi popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kisiwa kingine chochote duniani. Shangazi akatuamuru tunyamaze kwa kuwa msitu una wenyewe. Tukanyamaza, isipokuwa Ami, aliyekumbuka kwamba zamani popo hao waliwindwa wakaliwa, akataka kueleza walivyopikwa. Shangazi akamwambia asimalizie.

Mlinzi wa mnara alitupokea vizuri, akatupa masharti mawili: tupande wachache wachache, na mikono iwe mitupu. Meli zimekuwa zikiutii mnara ule kwa zaidi ya karne. Sisi si meli.

Kwanza, kwetu mkubwa hutangulia. Hutangulia kuingia, hutangulia kunawa, hutangulia kuchota, na hakuna aliyewahi kujiuliza kama kanuni hiyo inafaa kwenye ngazi ya chuma inayojisokota ndani ya nafasi ya mtu mmoja. Ami akaongoza. Akafuata Shangazi, kisha binamu, kisha mimi, kisha mashemeji na vijana, na watoto mkiani. Bi Mkubwa, mama wa akina Ami, alikataa katakata. Akatandika kanga chini ya mti, akasema, "Mnara huo mie nauona tangu sijaolewa. Hauna kitu."

Pili, mikono mitupu. Shangazi alisihiwa aliache hotipoti kwa Bi Mkubwa. Akawatazama watoto mmoja mmoja. "Nikiliacha hapa, nikirudi ntakuta mfuniko." Akapanda nalo.

Vitabu vya watalii vinasema vipandio ni 95. Watoto walikuwa wakihesabu kwa sauti, kila mmoja na hesabu yake, na yule mdogo kabisa kila akifika ishirini alikuwa anaanza upya, maana ndipo elimu yake ilipokomea. Ndani kulikuwa na joto. Chuma kilikuwa kimekula jua tangu asubuhi, na ukigusa ukuta unauondoa mkono bila kuambiwa. Hatua ya kila mtu ililia, mlio ukapanda juu kabisa kisha ukarudi kukutafuta. Nilikuja kuona historia, ila nilichokiona ni visigino vya binamu yangu, juu yake pindo la baibui la Shangazi, na juu ya pindo sauti ya hotipoti likikwaruza kila tulipozunguka: krr, krr, krr.

Karibu na kileleni msafara ukasimama. Ami alikuwa amefanya lile ambalo kila mtu huonywa asilifanye: ameangalia chini alikotoka. Akashika nguzo ya katikati kwa mikono miwili, akafumba macho, akatangaza kwamba hapo alipo panamtosha.

Sasa fikiri hali yetu. Wa mbele haendi, wa nyuma yake hawezi kumpita, na walioko chini wanasukuma kwa sababu hawajui kitu. Shangazi akapeleka habari: "Ami yenu kapata kizunguzungu!" Binamu akanipa habari hiyo ilivyo. Nami nikaipitisha nyuma ilivyo. Shemeji yangu ni shahidi. Lakini chuma kina mwangwi, na watoto walikuwa bado wanahesabu, na mizunguko miwili chini yangu nikasikia, "Ami kazungukwa!"

"Kazungukwa na nini?"

Katika ukoo wetu swali haliachwi likalala na njaa. Kikapita kimya kifupi, kisha sauti ambayo mwenyewe mpaka leo hajajitokeza ikajibu: "Nyuki!"

Mkia ukakatika. Watoto walitoka mle ndani mbio, wakipiga kelele za nyuki, na vijana nyuma yao wakiwapita, heshima na umri vimesahauliwa. Tuliobaki juu tulisikia miguu tu, tukadhani wamechoka kusubiri.

Bi Mkubwa hakupiga kelele. Amezaliwa Pemba, amelelewa mashambani, na dawa ya nyuki anaijua: moshi. Mlinzi alikuwa kisimani. Bi Mkubwa akawaagiza wajukuu makuti makavu na makumbi ya nazi, akachukua kiberiti cha dereva, akawasha pale pale kizingitini, na dereva akampepea kwa kofia yake. Mlango wazi chini, upenyo juu, katikati bomba la chuma lenye joto. Ukitaka kujenga dohani huwezi kujenga bora kuliko ile.

Moshi ulitufikia na sisi tukiwa tunambembeleza Ami kwa dua na kwa maneno matamu. Binamu akanusa, akasema kwa sauti yake ya darasani, "Hewa ya moto hupanda." Shangazi hakungoja ufafanuzi. "Kaka! Panda, au nipishe nipite juu yako!" Na Ami, aliyekuwa ameshaapa kwamba hasogei mpaka aletewe msaada kutoka Chake Chake, alivimaliza vipandio vilivyobaki kwa namna ambayo sijamwona nayo tena, kanzu kaikamata kwa meno.

Shangazi naye alikuwa amefuata, ila aligeuka kutazama moshi unatoka wapi, na katika kugeuka huko hotipoti likakaa ubavu, likabanwa kati ya reli na ukuta. Hapo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, chombo au pumzi. Alichagua chombo. Yeye anavuta kwa juu, binamu anasukuma kwa chini, mimi machozi yananitoka, na hotipoti likachomoka kwa mlio mmoja, na bonde ubavuni.

Tukatokea kwenye roshani tukikohoa, moshi ukitoka pamoja nasi. Chini, baharini, mvuvi mmoja kwenye ngalawa yake aliacha kupiga kasia akatutazama.

"Mnaona?" binamu akasema, akijifuta macho. "Hivi ndivyo minara ya kale ilivyofanya kazi." Mwalimu wa historia akipata watu wasioweza kuondoka huwa hana huruma. Akatueleza mnara wa Iskandaria, uliojengwa karne ya tatu kabla ya Nabii Isa, na moto uliowashwa juu yake kuongoza vyombo. Na jinsi Ibn Battuta, huyu huyu aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alivyoingia mnara huo mwaka 1326, na aliporejea mwaka 1349 akaukuta umebomoka hata mlango haufikiki. Shangazi, ambaye alikuwa akilipapasa hotipoti lake, akasema Ibn Battuta alikuwa na bahati.

Ami sasa amepona. Akazunguka roshani, akauliza, "Na taa yenyewe mbona haiwaki?"

Akaambiwa ni mchana.

"Mimi nimelipa mchana."

Ikabidi binamu aeleze kwamba siri ya minara hii haiko kwenye ukubwa wa taa, iko kwenye kioo. Mfaransa Augustin Fresnel ndiye aliyebuni kukata kioo katika duara juu ya duara, ili mwanga ambao ungepotea kwenda mbinguni na ardhini ukusanywe wote upelekwe baharini. Kioo cha kwanza cha namna hiyo kiliwekwa mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Na kwa kuwa kioo hakijui usiku wala mchana, jua nalo likikipiga hukusanywa vivyo hivyo hata likaweza kuunguza, ndiyo maana walinzi wengi wa zamani walikuwa wakifunga mapazia asubuhi. Katika somo zima hilo ndilo lililomwingia Shangazi. Alitaka kujua mapazia yalikuwa ya kitambaa gani.

Nikiri kwamba mandhari ya pale juu yanalipa hata moshi. Upande mmoja Vumawimbi, ufukwe mweupe uliopinda, usio na mikoko. Upande wa pili mkondo, ambako maji ya kijani yanakatika pale pale na kuwa ya buluu nzito. Ami akanyoosha kidole magharibi. "Ile pale Tanga." Sasa, mtu akisimama mita 30 juu ya bahari, upeo wake ni kilomita 20 hivi, na Tanga iko zaidi ya 60. Binamu anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Akafungua kinywa, Shangazi akamkanyaga mguu. "Eee, Tanga," tukasema sote. Ami akatuonyesha na bandari.

Huko chini mlinzi alikuwa amerudi na ndoo, akaizima kazi ya Bi Mkubwa bila neno la ukali. Aliinua kichwa tu, akauliza juu tumebaki wangapi.

Kushuka kulileta fitina ndogo. Aliyetangulia kuingia ndiye aliye mbali zaidi na mlango, kwa hiyo mkubwa akawa wa mwisho, na Ami hakuizoea nafasi hiyo. Alishuka kinyumenyume, kipandio kwa kipandio, akitoa amri kwa watu ambao walishatoka kitambo.

Tulikwenda kula Vumawimbi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba lile bonde la hotipoti lilikuwa limeushika mfuniko, haupandi wala hauzunguki. Akajaribu Shangazi, wakajaribu vijana wawili kwa wawili, mmoja anashika chombo mwingine anavuta, mpaka wakaanguka mchangani. Watoto walikaa duara wakiangalia kwa utulivu ambao sijawahi kuuona msikitini. Mwisho dereva akaleta spana ya magurudumu. Shangazi akageuza uso ili asione. Katlesi zilikuwa na harufu ya makumbi, na zililiwa zote, na Bi Mkubwa alikula kuliko mtu yeyote, akiuliza kila baada ya tonge kama Ami ameumwa wapi.

"Sikuumwa, mama."

"Basi moshi umefanya kazi."

Ami hakubisha. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuwaza. Maana amesharudi Maskati, na jamaa wa kule wanatueleza kwamba kisa kinasimuliwa barazani kila Ijumaa: kundi la nyuki limemvamia juu ya mnara wa Mwingereza, na yeye akawatanguliza wanawake na watoto washuke. Juzi kanipigia simu, sauti yake ya upole kabisa, anauliza kama katika sisi kuna aliyewapiga picha wale nyuki.