Muulize Bi Kiporo: Mama Mkwe, Yai na Fundi Redio

*Shikamoo Bi Kiporo. Mume wangu kaninunulia maikrowevu. Mama mkwe yuko kwetu tangu Ramadhani, na kila nikiiwasha anajitanda khanga na kutoka barazani, akisema mionzi yake inaleta saratani na kuua nguvu ya chakula. Juu ya mashine ametandika kitambaa cha kufuma, eti kiizuie. Nifanyeje nisimkosee? — Mkaza Mwana, Tabata*

Marahaba mwanangu. Mwambie mama, kwa adabu zote, kwamba mawimbi ya mle ndani ni ndugu wa mawimbi yanayomletea taarabu redioni. Kazi yake ni kuyatikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka yapate moto. Hayana ubavu wa kuharibu chembe za mwili kama eksirei, na mashine ikizimwa yanakatika papo hapo. Hakuna yanayobaki kwenye ubwabwa. Kaeni pamoja mkitazame kioo cha mlango: ndani yake kuna wavu wa chuma wenye vitundu vidogo. Wimbi lenyewe lina urefu wa sentimita 12 hivi, basi kwenye tundu la milimita moja au mbili litapitaje? Na mboga iliyoiva kwa dakika chache na maji kidogo hubaki na vitamini kuliko ile tunayoichemsha mpaka ikapoteza rangi.

Cha kuogopa ni mlango uliopinda, bawaba zilizolegea, au ukingo uliogandwa na mafuta hata haufungi sawasawa. Ukiuona hivyo, usiwashe.

Sasa tuje kwenye kitambaa, maana hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Maikrowevu inapumua kwa matundu yake, mengine ubavuni, mengine nyuma au juu. Ukiyaziba, joto linarudi ndani. Naijua hadhi ya kitambaa cha kufuma katika nyumba zetu: redio ina chake, runinga ina chake, friji ina chake. Hicho kihamishie kwenye kochi, umsifie mama kwa mkono wake mzuri, na habari ya matundu mwachie mwanawe aieleze.

*Bi Kiporo, mke wangu kasafiri. Niliweka yai na ganda lake, dakika mbili. Likatulia kimya. Nikalitoa, nikaligusa kwa kijiko. Sasa nina kiini darini na nusu ya nyusi. Je, mashine ni mbovu? — Bwana Mpweke, Kisauni*

Mashine ni nzima. Pole kwa nyusi.

Mvuke ulijikusanya ndani ya ganda ukakosa pa kutokea, wewe ukaufungulia mlango kwa kijiko. Usidhani kulimenya kunasaidia: hata yai lililokwisha kuiva na kumenywa, ukilipasha moto, kiini chake kinaweza kusubiri mpaka ling'atwe ndipo kilipuke, na hapo midomo na macho ndivyo vinavyoungua. Hukuanza wewe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, alisimama karibu na mtambo wa rada akakuta chokoleti imeyeyuka mfukoni. Akajaribu punje za mahindi, zikawa bisi. Likajaribiwa yai, likamlipukia mwenzake usoni. Spencer alipata hataza; wewe umepata dari la kupaka rangi.

Kila chenye ngozi kina tabia hiyo: kiazi, nyanya, soseji, ini. Kitoboe kwa uma kwanza. (Uma ubaki nje, tafadhali. Nawafahamu.)

Na kwa kuwa mkeo bado hajarudi, najua kitakachofuata ni kahawa. Maji yakiwa kwenye kikombe laini kisicho na mkwaruzo yanaweza kuvuka nyuzi 100 bila kutoa hata povu moja. Utayaona yametulia tuli, udhani hayajapata moto. Tumbukiza kijiko au sukari, yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia mkononi na usoni. Ndiyo maana naiogopa bilauri mpya kuliko kikombe kikuukuu. Weka kijiko cha mbao ndani ya maji kabla ya kuwasha, usiongeze dakika za bure, na ikizima subiri kama nusu dakika. Kisha kitoe bila kukiinamia.

*Wali maharage wangu unachemka pembeni, katikati baridi kama nilivyoutoa kwenye friji. Na chupa ya maziwa ya mtoto naipasha dakika ngapi? — Mama Kachanga, Sinza*

Nianze na chupa: usiipashe humo hata dakika moja. Ukiishika kwa nje ni vuguvugu, kumbe ndani kuna mahali maziwa yanaunguza, na koo la mtoto halina subira. Itumbukize kwenye bakuli la maji ya moto, itikise, udondoshee tone kifundoni mwa mkono wako.

Wali una sababu yake. Mawimbi hupenya sentimita mbili tatu hivi, kisha panapobaki panangoja kupashwa na jirani. Usirundike. Tandaza chakula kwenye sahani, acha nafasi katikati, funika, koroga kati ya safari, na ukizima kiache kitulie kidogo. Unataka mvuke kila upande. Na nisikilize vizuri, maana jina langu mwenyewe ni Kiporo: wali uliolala sufuriani juu ya jiko usiku kucha haukombolewi na mashine yoyote. Kuna bakteria wa wali, Bacillus cereus, wanaoacha sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Ukipoa tu, uingie kwenye friji.

*Tumezoea kupasha kisamvu kwenye kopo la aiskrimu. Kuna shida? — Familia, Morogoro*

Ipo. Kopo lile lilitengenezwa kwa baridi. Likikutana na mafuta ya nazi yanayochemka linajikunja na kuacha mabaki yake kwenye mboga. Tumia bakuli la kioo au la udongo. Vikombe vya kabatini vyenye utepe wa dhahabu viendelee kuwasubiri wageni, kwa sababu utepe ule ni madini na utatoa cheche. Chipsi zilizofungwa kwa foili, zifungue kwanza.

*Kijana wetu aliye Houston katuletea maikrowevu kwenye kontena. Nimeichomeka, ikalia puu, ikanyamaza. Fundi redio wa mtaani anataka kuifungua. Anasema ameshaichomoa, kwa hiyo haina umeme. — Mzee, Temeke*

Mzee wangu, mtoe fundi chumbani kwanza, kisha uendelee kusoma.

Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Kibandiko cha nyuma kingekwambia. Hata ungenunua transfoma ya kushusha, kuna jambo la pili: kwao umeme hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, kwetu 50, na nyingi za mashine hizi zikikosa mizunguko yake hupata moto kupita kiasi.

Lakini hilo ni la fedha. La roho ni hili. Ndani ya maikrowevu umeme hupandishwa mpaka volti elfu kadhaa, na kuna kapasita inayouhifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Haina taa wala mlio wa kukuonya. Mkono wa mtu ukigusa pasipostahili, unaua. Redio ya fundi wako haijawahi kumfundisha hivyo. Muulize swali moja tu: kapasita ataitoa umeme kwa njia gani kabla ya kushika chochote? Akikueleza hatua kwa hatua, huyo anazijua mashine hizi. Akicheka, mpe chai na nauli.

Yaliyobaki nayajibu kwa mkupuo, nafasi imekwisha.

*Bisi zimeshika moto ndani!* — Usifungue mlango. Zima ukutani, ungoje moto ukose hewa.

*Naweza kuiwasha tupu ili ipate joto kwanza?* — Hapana. Mawimbi yakikosa chakula yanarudi kuila mashine yenyewe.

*Waya wake haufiki. Nitumie ekstensheni ya kuchajia simu?* — Sogeza meza.

*Mvua haikatiki wiki hii. Naweza kukaushia chupi humo?* — Nunua nyingine.