Majani Chai Yanalala Pazuri Kuliko Mimi

Kuna watu wa pwani wanaoapa kwamba Kenya haina baridi kwa sababu ikweta inapita hapa. Ni kweli inapita, tena karibu sana: kutoka mjini Kericho mpaka kwenye mstari wenyewe hata nusu digrii haifiki. Lakini sisi tumepanda mlima. Tuko mita elfu mbili na ushei juu ya usawa wa bahari, na ukifika mwezi wa Julai, ukungu ukishaketi juu ya chai, usiku tunapambana na nyuzi kumi au pungufu. Utaniambia Ulaya nyuzi kumi si kitu. Mwenzangu, Ulaya nyuzi kumi ziko nje. Kwangu ziko chumbani.

Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Zunguka Kericho, Litein, Sotik mpaka Silibwet: nyumba za kupanga zimejengwa utadhani fundi aliletwa kutoka Malindi. Ukuta mwembamba, mabati juu, na kati ya ukuta na mabati upenyo ambao paka mnene anapita bila kukunja masharubu. Siku niliyomtajia mwenye nyumba habari ya silingi, alicheka akaniuliza kama nataka na lifti. Joto hupanda juu, hilo hata watoto wa darasa la nne wanalijua. Kwa hiyo kila shilingi ninayoichoma sebuleni inapaa, inatoka kwa ule upenyo, inaenda kuwapa popo raha. Usiku pumzi zetu zinagonga mabati baridi, zinageuka maji, na alfajiri zinaturudia puani tone kwa tone.

Waingereza waliofungua mashamba makubwa ya chai huku miaka ya 1920 hawakudanganywa na ikweta. Tazama zile bangalo za mameneja: bomba la moshi limesimama juu ya paa. Tulirithi chai yao, tukarithi gambuti, tukarithi na ile tabia ya kuzungumzia mvua kila tukikutana. Bomba la moshi tukaliacha palepale.

Kinachoniuma zaidi ni kiwanda. Majani ninayoyachuma huku vidole vimekufa ganzi yakifika kule hulazwa kwenye vitanda virefu, yakapulizwa hewa kutoka chini, na baridi ikizidi hewa yenyewe hupashwa moto. Baadaye huingizwa kwenye kikaushio chenye joto la kupita nyuzi mia, yatoke unyevu umebaki kama asilimia 3. Nje ya geti mikaratusi imepangwa kama ukuta wa ngome, yote ni kuni za boila. Jani likae kwa mkulima, litetemeke. Likifika kiwandani linaheshimiwa. Na bonasi, ambayo ingeninunulia blanketi, hulipwa karibu na Oktoba, baridi imeshaenda zake.

Mwaka jana shemeji alitutembelea kutoka Mombasa, Julai yenyewe, amevaa sendo. Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani amejifunga shuka mbili na taulo.

"Shemeji," akaniuliza, "hapa mnaishi au mmehifadhiwa?"

Mchana akaenda mjini kununua hita ya umeme. Sikumzuia, ni mgeni, tena pesa ni zake. Lakini hita ya wati 2,000 inakula yuniti mbili kila saa, na ile bei nafuu ya umeme kwa wateja wadogo inaishia yuniti 30 kwa mwezi. Piga hesabu: saa kumi na tano tu, mwezi umeisha. Shemeji aliiwasha Ijumaa jioni, akalala nayo kama mtoto mchanga. Jumamosi kabla ya chajio mita ikaanza kulia, tukamalizia kipindi cha taarifa kwa mshumaa. Tokeni, bila shaka, zilikuwa zangu.

Mama watoto yeye hutumia jiko la makaa. Hapo sifanyi mzaha: makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Sheria ya nyumbani kwetu ni kwamba jiko linalala nje, hata kama sisi tunatetemeka. Mwenye nyumba amelisikia hilo, sasa anatembea akisema upenyo wake ndio unaotuokoa maisha.

Kogo, bibi yangu kule Bureti, anatucheka wote. Nyumba yake ni ya udongo mnene na nyasi, na ule udongo unameza joto la meko jioni nzima, kisha unalitoa polepole mpaka jogoo awike. "Mjukuu wangu," husema, "ulitoka kwenye nyumba ukaenda kuishi kwenye sufuria." Sitetei moshi wake, maana kikohozi chake nakijua. Lakini kwa joto amenishinda, na hajui tokeni ni nini.

Basi nimejisaidia ninavyoweza. Magunia matupu ya mbolea nimeyafua, nikayaunga kwa sindano ya kushonea magunia, nikayatundika kama silingi na kutandaza katoni juu yake. Chini ya mlango nimelaza mguu wa suruali kuukuu uliojazwa maranda ya mbao. Kila mtoto analala na chupa ya mpira ya maji moto, yale maji tunayoyachemsha baada ya kupika ugali. Mimi navaa koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Canada. Nikiwa nalo mlango wa choo unanipitisha kwa ubavu. Nyumba haijawa na joto, ila sasa naweza kushika kalamu, na ushahidi ndio huu unaousoma.

Mwenye nyumba, najua gazeti hili hulisoma kinyozini. Kodi yako utaipata tarehe tano kama kawaida. Nunua nusu ya mbao za silingi, mimi ninunue nusu, na fundi nitamlisha mimi. Kama hutaki, basi uje ulale hapa usiku mmoja wa Julai, na blanketi uje nalo.